Kamba Yenye Mafundo Mawili

Pawatila nimemuuzia Mchopa,
pamoja na plau yake na mkanda wa akiba.
Imeondoka ikikohoa mpaka kwenye kona.
Sasa fedha ipo, ya mnada wa pili na wa tatu,
na mkopo wa chama unasubiri jina la mashine.

Nachingwea mjini, uani kwa muuzaji,
zimesimama mbili, ubavu kwa ubavu.
Ndogo, nguvu farasi ishirini na tano.
Kubwa, hamsini, pande la mtu lililokunja mikono.
Muuzaji, kijana wa shati lililopigwa pasi,
hakuniuliza shamba. Aliniuliza mume.
Nikamwambia mume yupo, anapenda redio;
shamba ni langu, na mguu wa kukanyaga klachi ni huu.
Nikapanda. Kwenye kubwa kisigino kikaning'inia
kama cha mtoto kwenye kiti cha mgeni.
"Utazoea, mama."
Nimezoea mengi. Kurefuka bado.

Lakini kubwa ina hoja zake, sizifichi.
Inavuta tela la gunia arobaini
na kupanda kilima cha ghala bila kuhema.
Kule bondeni, kwenye udongo mweusi
unaoshika jembe kama mtu anayekudai,
plau ya sahani tatu ingepita ikipiga mluzi.
Na ya kukodisha je? Shemeji Likanga
ameshapiga hesabu nyuma ya kalenda,
eka kwa eka, msimu kwa msimu,
na katika hesabu yake mvua haichelewi hata mwaka mmoja
na kila aliyelimiwa analipa.
"Ndogo ni ya kuanzia," anasema.
"Wewe, Somoe, umeanza lini?"

Babu yangu alibeba maji ya rejeta
enzi za mradi wa karanga.
Alisema mashine zile zilikula msitu,
zikala mafuta, kisha zikakaa chini.
Karanga tulikuja kuzipanda wenyewe, kwa jembe la mkono,
tukipumzika kwenye kivuli cha chuma chao.
Sisemi kubwa ni mbaya.
Nasema kwetu kubwa ina historia.

Usiku nikachukua kamba ya katani.
Fundo la chini: utosi wangu nikiwa juu ya ndogo.
Fundo la juu: utosi wangu juu ya kubwa.
Alfajiri tukaingia shambani, mimi na Fadina,
kamba imefungwa kwenye fito, fito begani kwake.

Mikorosho mipya, ya vipimo vya bwana shamba,
mita kumi na mbili kwenda, kumi na mbili kurudi,
yote ilitupisha.
Ile ya zamani ndiyo kesi.
Mama aliipanda kwa kuhesabu hatua, akiwa na mimba yangu,
na hatua za mjamzito ni fupi.
Matawi yameshikana mikono, mengine yamelala chini.
Fundo la juu likakwama mstari wa kwanza.
La chini likapita, likapita, likagusa jani, likapita.

"Si tukate tu?" Fadina akauliza.
Nikahesabu: matawi kumi na saba,
yote yale ya upande wa jua, yenye kuzaa.
"Bibi yako asingekata."
"Bibi hakuwa na trekta."
Kweli. Nikanyamaza mpaka mwisho wa mstari.

Nikalipia ndogo.
Bondeni nitakodi kubwa ya mtu, siku mbili kwa mwaka,
nilipe, na nilalamikie bei kama wengine.
Msimu wa salfa, bomba la kupulizia litapita
pale ambapo tulipita mgongoni na debe.

Ilipofika, niliiendesha mwenyewe,
visigino vyote viwili chini, Likanga akitazama.
Mstari wa kwanza, chini ya mkorosho wa mama, kraa!
Nilipima utosi wangu.
Ekzosi sikuipima.

Likanga alicheka hadi akakaa kwenye tuta.
Nikashuka, nikamwomba Fadina panga,
nikakata tawi moja.
Moja.

Nikapanda tena.