Lehemu

Nilipomtajia shangazi Somoe kilichomo damuni mwake
alicheka hata buibui likamteremka begani.
"Lehemu? Lehemu ni ile aliyonitilia Lali Fundi
kwenye sufuria la watu mia mbili
lilipotoboka usiku wa harusi, Langoni.
Mbona haikumdhuru mtu, ikaokoa pilau?"

Ni neno moja, shangazi, lina kazi mbili.
Ile huziba tundu la sufuria.
Hii nayo huziba,
ila hapana aliyeiita.

Mashine ya kuzungushia damu iliponyamaza
nilikiinua kichupa kwenye dirisha la maabara.
Chini, wekundu umetulia.
Juu, palipostahili maji ya manjano, maangavu,
palikuwa na tui.
Tui la kwanza, zito, la wali wa wageni.
Miaka arubaini ya kuonja kwa kiganja
(chumvi imekolea? samli imekolea?)
ilisimama pale, urefu wa kidole,
nami nimeishika kama naogopa kuimwaga.
Nikaandika: saba nukta moja.
Sikuandika: huyu ndiye aliyenilea kwa ukoko.

Daktari alimpa tembe. Yeye alimpa daktari shukrani,
akenda zake dukani kununua uwatu.

"Wazazi wote wa Mkomani nimewapa mimi.
Maziwa yalitoka. Viuno vilikaza.
Itakuwa ni mimi tu usiyenijua?"

Alfajiri akaniita jikoni.
Uwatu umelala majini usiku kucha,
umevimba, umetoa ute,
na ile harufu yake, uchungu wenye sukari ndani,
imeshika mpaka mapazia.
Akayeyusha samli, akaidondosha tone moja bakulini,
akakoroga kwa kidole cha shahada.
Tone likanaswa. Likahangaika kidogo, likatulia.

Mimi nilikuwa na maneno ya chuo:
nyongo, nyuzinyuzi, utumbo mwembamba,
kurasa kumi na nne za kueleza tone hilo.
Yeye akaniashiria mlango wa mbele, akasema:

Mgeni umpe daka
Kahawa akiitaka
Kwa hadithi kumshika
Ili ndani asifike

Hukumwambia ondoka
Wala hukukasirika
Hadi saa ikafika
Kwa njia yake ashuke

Tukacheka mno kwa hiyo njia yake.

Miezi mitatu akanuka uwatu hata jasho,
hata mtandio, hata noti alizonipa za sabuni.
Nikamtoa damu tena.
Tui limekuwa tui la pili.
Sita nukta nne.
Akataka nimwandikie kwa wino mwekundu, autie ukutani.

Siku hiyo nilitafuta iliki ya chai.
Katika kopo la iliki, chini kabisa,
zile tembe. Zote. Hata karatasi haijapasuliwa.

Sikugomba. Nilikaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi,
nikamwambia, shangazi, nyumba yako nimeielewa.
Daka linawazuia wanaotoka nje.
Lakini huyu mwengine hakupita mlangoni.
Huyu kazaliwa humu humu,
ini ndilo mamake,
na hata ufunge siku nzima, linazaa.
Kahawa ya daka utampelekea wapi?

Alinyamaza muda mrefu.
Punda alipita kichochoroni, mzigo wake ukikwaruza ukuta.
"Basi ni mwenye nyumba," akasema. "Si mgeni."
Akaitoa moja, akaipuliza vumbi la iliki,
akanyoosha mkono kuchukua bakuli la uwatu.
Nikaudaka mkono.
Si pamoja! Daka halichagui, litaizuia na dawa.

Sasa uwatu ni asubuhi, tembe ni usiku,
na kati yao kuna yeye na masufuria yake.

Juzi alipika kwa kina Badi.
Akaonja kwa kiganja, akakunja uso,
akasema samli haitoshi.
Ilitosha.
Nilikuwa nyuma yake, nimeshika upawa,
sikujua nimtilie au nimdanganye.