Kuitwa

Kwenye karatasi za wizara walikuwa
Kombania ya Pili, Kikosi cha Nne cha Uchukuzi.
Hakuna aliyelitamka jina hilo akiwa na kiu.
Ni refu mno kwa ulimi uliokauka.

Mwanzo waliitwa Mapovu.
Lori lao lilitwaliwa kiwanda cha sabuni, Oruro,
na ubavuni alibaki mtoto mnene wa rangi,
kazama povuni hadi kidevu,
akapelekwa vitani hivyo hivyo, uchi, anacheka.
Usukani alishika Nicanor Ticona, mchimba bati,
aliyeendesha kama mtu aliyepakia mayai:
taa kazima, gia ya kwanza, usiku kucha,
maana kila tone lililomwagika lilikuwa na mwenyewe.

Mwezi wa pili maji yalikuja kwa mapipa ya petroli.
Hayakuoshwa. Yaoshwe kwa maji gani?
Watu wakanywa, wakacheua gereji nzima,
wakawabadilishia jina.
"Viberiti hao! Zima sigara!"
Kicheko kikawapasua midomo
nao wakailamba ile damu,
maana hata hiyo ilikuwa majimaji.

Kila kundi lilikuwa na lake.
Wa mizinga waliitwa Wakwe:
unawasikia kabla hawajafika,
na wakishafika huna pa kujificha.
Waganga, Misumeno.
Wapishi, Sumu Taratibu.
Wapanda Farasi, baada ya farasi wote kuliwa,
waliendelea kuitwa Wapanda Farasi,
na hakuna tusi lililowachoma kama hilo.
Adui, ng'ambo ya miiba, alikuwa Pekupeku,
hadi asubuhi moja mtu alipopekua maiti
akakuta viatu,
saizi ile ile ya kaka yake.

Na nyika yenyewe jina lake Chako.
Litamke polepole, wewe msomaji wangu,
uone lugha mbili zisizojuana zinavyotaniana.
Chako. Chako nini?
Chako miiba, chako nzi,
chako vumbi lililopenya hadi ndani ya saa.
Waliobishana ni cha nani
walikuwa mbali, barafu inalia kwenye bilauri.

Kisha lori likazama mchangani,
kilomita kumi na nane kutoka handakini.
Siku ya kwanza ya kungoja waliitwa Konokono.
Ya pili, Waongo.
Ya tatu hawakuitwa Waongo tena;
hakuna aliyekuwa na mate ya kutukania.
Likabaki neno moja tu, lile jepesi,
ambalo midomo hukutana na kuachana, basi:
Mama.
Lilitoka kwenye handaki zima,
na hakuna aliyejua ni mama yupi,
yule wa milimani mwenye kofia na shali,
au lile lori lenye mtoto wa sabuni.

Usiku Nicanor alitokea na debe begani.
Mwenzake, Zenobio Yujra, alikuwa na jingine;
lilipatikana baadaye, limejaa, kalikumbatia.
Sajini aligawa kwa kizibo cha chupa.
Orodha ilikuwa na majina arobaini na moja.
La aliyeleta halikuwamo.

Miaka thelathini baadaye, dirisha la mafao, Oruro.
Herminia Ticona kashika picha ya baba
na cheti cha kifo ambacho wino haujakauka vizuri.
"Kikosi gani?"
"Mama."
"Nimekuuliza kikosi."
"Ndivyo alivyosema. Alikuwa kwenye Mama."
Karani akafungua daftari, akapitisha kidole
kwenye M, akarudi, akapitisha tena.
"Hakuna kikosi cha jina hilo, bibi. Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa mzee mwenye mguu wa mti.
Hakusogea dirishani.
Alivua kofia kwanza, akaishika kifuani,
kisha akamwambia karani,
"Mwandikie.
Mimi niliwaita siku tatu."