Moja Nukta Saba Nne

Salfa inanuka. Ndimbwa wa stoo kafungua madirisha yote,
bado mlinzi wa getini anauliza nani kachemsha mayai viza.
Ni mimi. Mwezi wa nne huu, Mlimani, ghorofa ya pili,
naunga pete kwa pete, salfa katikati,
kama msusi wa ukili asiyejua mkeka ni wa nani.

Tatizo ni hili, nalo halina adabu:
kinachoupinda mwanga sana
hakitaki kuyeyuka.
Molekuli zimelaliana kama karata,
zimebaki unga chini ya chupa,
natikisa, napasha moto, natikisa.

Daktari Rweikiza akasema, ongeza mkia.
Nikaongeza, kaboni nane.
Zikayeyuka kama sukari kwenye chai,
na kipimo kikaporomoka
hadi ilipo plastiki ya ndoo.

Darasa la tano, Buguruni,
dada yangu Zaituni walimwita Kitako-cha-Soda.
Miwani ilimchimba pua, mashimo mawili,
yapo hata leo, mwangalie akilala.
Fundi wa Mtaa wa Uhuru alisema nyembamba zipo,
ila bei yake, mama,
kisha akajikuna kisogo, asimalize.

Juzi sikuongeza kitu.
Niliziunga pete kombo,
kila kiungo kimetegua bega kidogo,
zisipate pa kulaliana.
Unga ukazama kwenye kiyeyushi. Ukatoweka.
Nikaishika chupa nisipumue.

Tone moja juu ya kioo, mashine ikazunguka.
Utando wa kwanza uliingia ukungu:
unyevu wa Dar hauombi ruhusa.
Wa pili nikaufunika kwa bakuli la Ndimbwa, la wali,
ukatoka mwembamba kuliko ganda la kitunguu.

Moja nukta saba nne.
Nikapima tena. Saba nne.
Ndimbwa akauliza, ndiyo nini?
Nikasema, ndiyo unene wa miwani kupungua.
Akasema, na bakuli langu?

Una umanjano, sikatai,
kama karatasi iliyosahaulika dirishani.
Hiyo ni kazi ya mwaka mwingine.

Kwenye fomu ya mradi, mahali pa matumizi,
tumeandika: lenzi za kamera za simu.
Nimeisoma mara tatu.
Jina la Zaituni halimo,
wala pua yake.