Zamu

Mabela, mwezi wa saba. Nje lami inanata viatuni.
Ndani kiyoyozi kinanguruma tangu alfajiri
na Rayya, miezi mitano na siku zake,
yu chali juu ya busati, miguu hewani,
anakijibu.
Mmmm, kinasema kiyoyozi.
Mmmm, anasema mwanangu.
Kikikata, naye hukata. Kikiwaka, naye huwaka.

Kwanza nilicheka. Nikatoa simu nimrekodi.
Halafu kicheko kikanikaa kooni kama mwiba wa changu:
siku ya sita hiyo, mama yangu hayupo,
kaenda Ibra, kafiwa na dada yake,
na mkewangu yuko hospitali na wagonjwa wa watu,
na katika nyumba nzima
kilichomjibu mtoto huyu
ni mashine ya ukutani.

Miye si mtu wa maneno. Fundi bomba.
Nasikia tone likivuja nyuma ya vigae vya mtu
kabla mwenye nyumba hajaona unyevu.
Nimemlisha, nimemwosha, nepi nimebadili kwa saa,
maziwa nimeyapima joto juu ya mkono.
Yote kimyakimya, kama mwizi.

Mama hafanyi hivyo.
Bi Azza, mzaliwa wa Wete, aliyekuja huku
na mkeka mmoja na ulimi wake mzima,
humpokea mtoto kama mgeni aliyeshuka safari ndefu.
Aghuu, anasema Rayya.
"Ehee! Ikawaje?"
Kisha anangoja. Hapo sikupaona mwanzo: anangoja,
macho kayatoa, mdomo kaufumba,
mpaka kile kidomo kitafute, kipinde, kitoe jengine.
"Lahaula! Na weye ukamwambiaje?"
Nikidhani ni mzaha wa kizee.

Jirani, Ummu Hilal, hajui Kiswahili hata cha salamu,
naye huchota fungu lake kinywa kilekile:
husikia ghaini, akaipigia makofi.
Mama husikia ng'.
"Mwasikia? Kasema ng'ombe!"
Ng'ombe gani, mama, Mabela?
Ng'ombe wetu ni wa kwenye pakiti ya maziwa.
Lakini kesho yake ng' ilirudi, na keshokutwa.
Mtoto ana kila sauti, kama duka la mtaani;
inayoulizwa huletwa tena,
isiyoulizwa hukaa rafuni mpaka vumbi liifiche.

Basi nikakizima.

Joto likapenya chini ya mlango.
Rayya akageuza shingo, akautazama ukuta.
Mmmm?
Naapa, aliuliza.
Nikalala chali ubavuni mwake, dari moja sote,
nikajikohoza kama bwana harusi mbele ya kadhi,
nikasema: Mmmm.

Akanitazama kana kwamba kabati limemsalimu.

Nikangoja. Hilo nalijua, ndiyo kazi yangu:
funga bomba, shika pumzi, sikiliza.
Ng'a, akasema.
"Ng'a," nikamrudishia. "Ng'a ya wapi hiyo?"
Ng'a-ng'a. Ghh. Povu la mate.
Nilipochelewa, alinipigia ukelele.
Nilipomkatiza, alininunia, akasubiri nijirekebishe.
Nikamweleza tangi la Seeb lililopasuka usiku wa Idi.
Nikamweleza baba yangu, aliyekuwa bubu kwa hiari,
aliyetupenda kwa kutununulia viatu.
Hayo sikuwahi kumwambia mtu.
Ba, akasema Rayya, na miye, mjinga,
nikayaona machozi yakinichuruzika masikioni.
Sijui alimaanisha nini. Pengine alikuwa anajaribu midomo tu.
Nilijibu vilevile.

Moza akarudi baada ya Alasiri, mkoba begani,
akatukuta tumelowa jasho, busati limekunjamana,
nyumba inafuka kama tanuri la mkate.
"Kimekufa?" akauliza, macho ukutani.
Nikainua kidole: subiri.
Haikuwa zamu yake.