Maji Yasiyo na Mfongo

Mama alishuka Moshi mwezi wa pili, amevaa sweta.
Jua la Kiborloni lilikuwa linalainisha mishumaa dukani,
wauza ndizi wamejifunika maboksi kichwani,
naye Anansia, binti wa mgawa-maji wa Uru,
akaniambia, "Mkunde, funga dirisha. Baridi."

Shingoni, chini ya khanga,
kitu kama parachichi changa kilikuwa kimekaa miaka minne.
Majirani walisema rovu. Wengine, jicho la mtu.
Yeye alisema uzee, akaendelea kulala mchana,
akisahau maziwa jikoni, akisahau jina la mbuzi,
nywele zikibaki kwenye kitana.

Daktari Ndelilio alichora nyuma ya bahasha ya eksirei:
kipepeo, ametua kooni.
"Hii ni tezi. Inatengeneza kitu kidogo mno,
na kwa hicho mwili unajua uwake kiasi gani."

Mama akauliza nisilolitarajia:
"Kinapita mfongo gani?"

Kwa babu kila tone lilikuwa na mfongo
na kila mfongo una zamu:
alfajiri kwa akina Mosha, jua likipanda kwa akina Lyimo,
na aliyefungua nje ya zamu alilipa debe la mbege.

Hakina mfongo, akasema daktari.
Mate yana mfongo. Jasho lina mfongo.
Hiki humwagwa mtoni, humo humo kwenye damu,
kikapita kwenye kila nyumba kikibisha,
na anayefungua ni yule
ambaye kitasa chake kinaujua ufunguo.

"Na hawagombani?"

Nami nikakumbuka Mbuyuni, miaka hiyo nikinyonyesha:
nachagua nyanya, mtoto wa mtu analia kibanda cha tatu,
blauzi yangu imelowa.
Nani alifungua? Nilidhani ni huruma.
Ilikuwa huruma, ila nayo ilikuwa na mjumbe.
Na usiku wa mbwa wa Temu, niliporuka ua
ambao mchana nauzunguka:
tezi mbili, kofia juu ya figo,
zilikuwa zimeshapiga mbiu kabla sijajua naogopa nini.
Na mjomba Elinami, sukari imejaa njiani,
milango imefungwa, funguo hana,
hutembea nazo kwenye kichupa
na usiku hukilaza kando ya mtungi wa maji.

Majibu yalitoka Alhamisi.
Chini ya ubongo kuna tezi nyingine, punje ya haragwe,
ndiyo mgawa-maji.
Ilikuwa inapiga kelele.
Kadiri shingo ilivyokaa kimya ndivyo ilivyopaza sauti,
na shingo, maskini, ilisikia.
Ikajitanua, ikaongeza vyumba, ikaita vibarua,
na ghalani hamna madini joto:
mvua za mlima ziliyaosha zamani,
nasi tukapikia chumvi ya mawe, ya bei poa.

Basi uvimbe ule haukuwa uzembe.
Ilikuwa kazi, miaka minne, bila vifaa.

Mama akafungua khanga.
Akauweka mkono pale, mbele ya watu,
kama anayempa kibarua pole.

Kidonge kimoja, alfajiri, kwa maji matupu,
nusu saa kabla ya kitu kingine chochote.
Wiki ya kwanza hakuna. Ya pili alinigombeza bure,
nikafurahi; nguvu za kugombeza zilikuwa zimepotea.
Parachichi bado lipo, limenywea kidogo,
au ni macho yangu tu.

Jana nimepanda Uru, umande haujakauka.
Sweta limetundikwa kwenye mbuni.
Yeye yuko kizingitini, chupa ya chai imezibwa,
simu mkononi, anahesabu dakika.
Nikanyoosha mkono nimimine.

"Acha," akasema. "Bado nane.
Zamu ni ya shingo."