Ishirini na Nne

Fungua faili lolote la wodi yetu, Julai ile ya baridi,
shuka hadi safu ya tatu, chini ya joto na mapigo:
upumuaji, ishirini na nne.
Kitanda cha kwanza, ishirini na nne.
Kitanda cha saba, ishirini na nne.
Mzee wa kitanda cha kumi na moja,
aliyekata roho saa tisa usiku,
saa kumi na mbili asubuhi bado anapumua
ishirini na nne.

Mwandiko ni wangu.
Nne ile yenye mkia nilifundishwa shule ya msingi, Uru.

Sikuwa mvivu. Niacheni niliandike hilo kwanza,
halafu mlifute mkitaka.
Wagonjwa thelathini na sita, wauguzi wawili,
mmoja kaitwa kusaidia chumba cha upasuaji,
na mtungi mmoja wa oksijeni
unaoazimwa huku na huku kama sufuria ya matanga.
Joto lina kipimo chake, hulia kikimaliza.
Presha ina mashine.
Pumzi ina macho tu.
Inataka dakika nzima, sekunde sitini zisizokatwa,
umesimama kimya, umekodolea kifua cha mtu,
na anayepita anadhani huna kazi.

Mzee Ndekirwa aliletwa kutoka Kibosho.
Kichomi, alisema binti yake, siku ya nne leo.
Daktari akaandika nimonia, akaandika sindano, saa nne asubuhi.
Mimi nikaandika mnachokijua.

Saa kumi jioni binti akanifuata mezani,
simu mkononi, kioo kimepasuka,
hotpoti ya mtori imeachwa inapoa juu ya kabati.
"Sista, hapa pameandikwa ishirini na nne.
Nimehesabu mara tatu. Thelathini na nane."

Nikamuuliza, na najuta jinsi nilivyomuuliza,
"Wewe ni nesi?"

"Hapana. Nauza vitunguu Kiborloni.
Kuhesabu najua."

Nikaenda kwa hasira. Nikashika saa yangu kwa hasira.
Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kama turubai
lililobanwa na upepo.
Pua zinafunguka, zinafunguka.
Kumi na tano, kumi na sita, hasira ikaisha,
thelathini, sekunde bado zimebaki,
arobaini.
Tulipokuwa tunabishana, mbili zilikuwa zimeongezeka.

Kidoleni: themanini na tatu.
Nikaukimbilia mtungi, nikaunganisha mrija,
nikatafuta ile sindano ya saa nne asubuhi
na kuikuta bado ipo kwenye karatasi,
haijawahi kuwa dawa.

Siku ya tatu aliketi. Akauliza nani anamkatia ng'ombe majani.
Sisemi namba ilimponya. Namba haiponyi mtu.
Lakini nilikuwa nimemfungia mlango kwa kalamu,
na aliyeufungua ni muuza vitunguu.

Siku hizi safu ya tatu haipendezi kuitazama.
Kumi na tisa. Thelathini na moja. Ishirini na mbili.
Arobaini na nne, nimeizungushia duara,
na pembeni saa aliyofika, na saa ya sindano ya kwanza,
na katikati yake aibu au fahari, inategemea siku.
Mwenzangu Ndeshi ananiambia nachelewesha raundi.
Ni kweli. Nachelewesha.
Kuna usiku mwingine pia naangalia saa, nachoka,
na kalamu yenyewe inaanza kuivuta ile mbili.

Faili la kitanda cha kumi na moja lipo masijala, rafu ya chini.
Mara moja nilikwenda na kalamu nyekundu.
Nikalifungua. Nikasimama dakika nzima.
Nikalirudisha vilevile:
ya kwake hakuna aliyeihesabu,
sina namba nyingine ya kumpa.