Kilele cha Tano

Kopo la maziwa ya watoto limetoka bandarini
na utepe wa forodha shingoni.
Kibandiko chaapa: nyukliotidi tano ndani.
Haya. Kuapa si kuonyesha.

Uzi wa kioo, tundu lake jembamba kuliko unywele:
natumbukiza ncha huku, ncha kule,
nafungulia volti elfu ishirini na tano.
Mkondo wawasukuma wote mbele,
chaji yawashika shati kwa nyuma;
anayeshikwa sana ndiye afikaye mwisho.

Dakika ya sita stima ikakatika, Shimanzi nzima.
Nikaanza upya.

Adenosini. Saitidini. Guanosini. Inosini.
Nikangoja yuridini.
Mstari ukalala chali, haukuinuka tena.

Saa nne kamili blauzi ikalowa chini ya koti jeupe.
Mwinyikai yuko Mikindani kwa mama mkwe,
na kifua hakisubiri kengele ya chai.
Nikajifungia stoo, nikakamua chupa moja,
nikaiweka frijini kando ya kemikali,
kisha (Bwana Mwakera asisikie)
tone moja nikalichuja, nikalipangia zamu.

Vilele vitano. Na vingine, vidogo vidogo,
ambavyo orodha yangu haivijui majina.

Kwenye fomu nimeandika: kopo, vinne.
Sahihi. Tarehe.
Ile karatasi ya pili haina faili.
Nimeikunja mara nne, nikaizungushia chupa,
isije ikatoa jasho mkobani
hadi Mikindani.